Baba anataka kumfungia ndani mdogo wangu anayetumia unga

SWALI: Dada shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 24, alianza na kokteli, ule unga wa heroini wa kuchanganya kwenye bangi, saa hizi anajidunga. Kashauza simu ya mama, mtungi wa gesi, mpaka masufuria. Baba kasema anamfungia chumbani wiki mbili arosto, yale mateso ya kukosa unga, iishe, basi kapona. Nikamwambia hospitali kuna methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ya bure, akanijibu hiyo ni kumtoa kwenye unga huu kumtia kwenye unga mwingine. Nani yuko sahihi? – Dada mtu, Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana hapo nyumbani. Hicho chumba ndo kinanitisha. Arosto ya unga, ile ya kutapika, kuharisha, kamasi kuchuruzika, mifupa kuuma na usiku kucha hakuna usingizi, inaanza masaa machache tu baada ya kete ya mwisho, siku ya pili na ya tatu inakuwa kali kabisa halafu kama wiki hivi inatulia, sasa baba atamwona anakula, anacheka, atamfungulia mlango akijua mambo yameisha, kumbe hamu bado ipo na itakaa miezi, na mwili ushapoteza ule uzoefu wa kuhimili unga. Akirudi maskani akajidunga kipimo chake cha zamani pumzi inaweza kukata palepale. Vijana wanakufa hivyo jamani! Na kama huwa anachanganya na valiamu, vile vidonge vya kutuliza, au anakunywa sana pombe, kumkatisha ghafla kunaweza kumletea degedege la kuua, hapo lazima daktari awepo.

Kuhusu methadoni baba ana hoja, ni kweli mwili unaitegemea na wengine wanainywa miaka. Ila ni dawa ya maji, anakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, inashika siku nzima, akishafikia dozi yake hana arosto, hahangaiki kutafuta hela ya kete, hachangii sindano na mtu akapata ukimwi au homa ya ini, anaweza hata kurudi kazini. Muhimbili walianza 2011, ikafuata Mwananyamala, na hapo kwenu hospitali ya Temeke ipo. Wiki za mwanzo dozi inapandishwa kidogo kidogo, mchungeni sana, akiongezea unga, pombe au valiamu juu yake anaweza kulala asiamke.

Mkimkuta anakoroma kwa sauti ya ajabu, midomo imebadilika rangi, mnamfinya haamki, mlazeni ubavu, msimnyweshe maziwa wala chochote, mkimbizeni hospitali na mseme wazi katumia nini, kuna dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi ikiwahi, msifiche kwa aibu.

Nenda nae kliniki asubuhi, wewe mwenyewe, maana watataka ndugu wa kumsimamia. Baba nae mbembeleze aje, hilo swali lake amuulize daktari uso kwa uso.