Cyclops na siri ya X-Force

Unasema Cyclops, kiongozi wa X-Men (mashujaa wa vibonzo vya Marvel), alikuwa na haki kuificha X-Force, kikosi chake cha kuua, kwa sababu mutanti (watu wanaozaliwa na nguvu za ajabu) waliobaki hawakufika hata 200. Hilo nakubali kwa kiasi. Baada ya House of M (2005), hadithi ambamo mutanti wengi walipoteza nguvu zao, mtu yeyote angeunda kikosi cha kuua. Kilichomponza ni namna alivyokiunda. Mwaka 2008 alimchukua X-23, binti aliyelelewa awe silaha, na Wolverine, aliyekiongoza kikosi uwanjani, alipinga waziwazi, akisema huyo apewe nafasi ya kujiamulia maisha yake. Cyclops hakusikia. Halafu Wolfsbane, naye wa kikosi hicho: Purifiers, kundi linalowachukia mutanti, walimteka, wakamvuruga akili, akamng'oa mabawa Angel, mwana X-Men mwenzake. Kwa kuwa kikosi hakikujulikana, nani wa nje angemwambia Cyclops "huyu mrudishe nyumbani"? Hakuna.

Siri ilifumuka katikati ya hadithi ya Second Coming (2010), vita vikiwa vimepamba moto, na Nightcrawler, mwana X-Men mwingine, akafa katika vita hivyohivyo akiwa bado na kinyongo juu ya siri hiyo. Pabaya pa kufumukia kuliko hapo sipaoni.

Ila wanaomtetea Wolverine nao wapunguze kelele. Cyclops alipokivunja kikosi, Wolverine alikifufua kimyakimya, tena bila kumwambia Cyclops.