Mwalimu, nikisomea lugha za Asia nitakula nini?

*Habari Mwalimu. Nilimaliza fomu foo hapa Ahero nikapata B. Tangu niko fomu tuu nimekuwa nikiangalia drama za Korea na China kwa simu ya mamangu mpaka maneno yakaanza kuniingia, na sasa nataka kusomea lugha na tamaduni za Asia chuo kikuu. Babangu anasema hio ni kumwaga karo, nisome ualimu ama uhasibu. Shangazi naye anasema nichukue Kichina tu maana Wachina ndio wenye kazi. Nishike la nani? – Binti wa Ahero*

Binti yangu, kwanza hongera kwa hio B, halafu tuelewane kitu kimoja: hakuna lugha inaitwa Kiasia. Kichina na Kihindi hazina undugu wowote, na Kijapani kilikopa herufi za Kichina lakini sarufi yake ni ingine kabisa, kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi. Kwa hivyo vyuo vinavyofundisha digrii hii, kama SOAS kule London iliyoanzishwa 1916 ama Leiden huko Uholanzi ambako Kijapani kimekuwa na profesa wake tangu 1855, huwa wanakufanya uchague lugha moja na unaibeba mpaka umalize, na pembeni unasoma historia, dini, fasihi na siasa za wenye hio lugha. Drama ni mlango mzuri tu, lakini ndani ya nyumba kuna kazi nyingi.

Sasa usichague kwa sababu ya shangazi, chagua ile lugha unaweza kukaa nayo kila siku hata siku umechoka. Kichina watu wanakiogopa kwa sababu ya toni, ati "ma" ukiisema kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama, ukiipandisha ni katani, ukiishusha kisha uipandishe ni farasi, na ukiiangusha ni kutukana. Lakini wewe ni mtu wa Ahero, kama umekulia kwa Kijaluo basi toni unazo tangu utotoni, unajua neno linaweza kubadilika kwa sauti tu, na hio ni mali ambayo Mzungu anayeanza Kichina hana. Kijapani nacho kina vokali tano, a, i, u, e, o, na utazitamka karibu vile unavyozitamka kwa Kiswahili. Kikorea ndicho kina herufi rahisi kuliko zote, zilibuniwa wakati wa Mfalme Sejong mwaka wa 1443 na kutangazwa 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma, ni herufi 24 za msingi, wikendi moja unazijua. Sarufi ndio itakutoa jasho. Na Kihindi usikidharau, maneno kama gari na pesa tayari yako mdomoni mwako, ingawa ukitembea Kisumu kwa maduka ya zamani ya Wahindi utasikia zaidi Kigujarati na Kipunjabi, watu hao wapo hapa tangu enzi za reli kufika ziwani 1901.

Kuna binti nilimfundisha zamani ambaye alienda kusoma Kichina, akarudi krismasi akanikuta napepeta mchele. Akachukua ungo, akaupangusa vumbi jeupe likabaki nyembamba, akaandika kwa kidole 米, vinukta viwili juu, mstari wa kulala, wa kusimama, halafu mikia miwili chini. Mipigo sita. Akaniambia huo ndio mchele, na ukiuanza na mstari wa kusimama mwalimu anakufutia. Nilimtazama nikajua huyu amepata mahali pake, maana hakuna aliyemlazimisha kuandika siku hio.

Kuhusu babako, mwanangu, mzee si adui yako na swali lake ni la haki. Lugha peke yake mlango wake ni mwembamba. Mkalimani kwa mjengo lazima ajue simiti na nondo, kwa korti lazima ajue sheria. Kwa hivyo kaa naye chini umwambie utaunganisha: Kichina na biashara, Kijapani na utalii, Kikorea na ualimu, kisha mwonyeshe cheti kina ngazi, si kusema tu "najua". Kichina kina mtihani unaitwa HSK, kwa mfumo wake wa zamani wa ngazi sita ya kwanza ilikuwa maneno 150 na ya sita 5,000, Kijapani ni N5 ya chini mpaka N1 ya juu, Kikorea mtihani wake ni TOPIK. Mwajiri anauliza ngazi.

Na kabla hujajaza chochote kwa portali ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, jaribu kozi fupi. Chuo cha Egerton pale Njoro kuna Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, na Moi kule Eldoret pia. Miezi mitatu itakuambia ukweli kuliko mimi. Skolashipu ziko, ile ya serikali ya Japani ya digrii kwa kawaida ni miaka 5 na mwaka wa kwanza ni wa lugha, ya Korea pia inaanza na mwaka wa lugha na lazima ufike TOPIK ya 3 ndio uingie masomoni. Pitia ubalozi wenyewe. Tafadhali usimpe ajenti hata shilingi, jirani yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya "fomu ya China" na mpaka leo mtoto yuko nyumbani, inaniuma kila nikipita pale.

*Mwalimu, nauza nguo Nakuru, nina miaka 29 na sikupata alama za chuo. Kichina nakiweza bila digrii? – Muuzaji*

Unakiweza ndugu yangu, mtihani wa HSK hauulizi ulipata nini KCSE. Wewe anza na namba maana ndio kazi yako, na ni rahisi, kumi na moja wanasema tu "kumi moja", ishirini ni "mbili kumi". Wana pia namna ya kuhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vile vitatu vya katikati umevikunja.