Kabla ya Kuuliza Njia, Uliza Maji

Watu wa hapa Lubumbashi wakinijia kutaka ushauri wa safari ya kutembea porini, wengi huanza na viatu. Viatu gani, begi gani, hema la namna gani. Mimi huwarudisha nyuma kidogo na kuwauliza: huko mnakokwenda, maji yakoje? Yapo au hayapo? Ni mengi au machache, na mwezi gani? Wakishanijibu hilo, mengine karibu yote tunayapanga tukiwa tumekaa palepale.

Mimi ni mzaliwa wa Goma. Nimekulia chini ya volkano ya Nyiragongo, nikahamia huku Katanga, kusini, ukubwani, na miguu yangu imeshanifundisha kwamba Kongo si pori moja. Begi lililokufaa Nyiragongo halitakufaa mlima Kahuzi, na mwezi mzuri wa Goma unaweza kuwa mwezi mbaya kabisa wa Kundelungu, uwanda wa juu wa huku Katanga. Hayo sikuyajua kwa kusoma. Nilikosea kwanza.

Nyiragongo nilipanda mara ya kwanza mwezi wa saba, mwaka 2016. Tulianzia Kibati, pale walinzi wa hifadhi walipokuwa wakikusanya wapandaji, wakiandika majina na kueleza masharti. Kilele kiko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Kibati unapanda karibu mita 1,500 katika njia ya kilomita nane hivi. Wenye mapafu mazuri hutumia saa nne, wengine sita. Nilikuwa na chupa moja ya lita moja na nusu. Nikajipa moyo kwamba mlima ule tunauona na mawingu karibu kila siku, una msitu, hauwezi kukosa kijito cha kujazia chupa.

Kijito hakuna. Ardhi yote pale ni mawe ya volkano, yana matundu na nyufa, na mvua ikidondoka tu imeshazama. Tulipotoka kwenye msitu wa chini na kuingia kwenye mawe ya mlipuko wa 2002, yale meusi yanayoviringika chini ya kiatu, chupa yangu ilikuwa tupu na hata nusu ya njia hatujafika. Aliyenisaidia ni mpagazi mmoja, mzee wa Kibati, aliyekuwa amebeba mizigo ya wengine pamoja na bidoni, dumu lake la maji la manjano. Alinimiminia maji bila kunisema. Nilipomshukuru akanijibu, "Mwanangu, mlima huu unakunywa kuliko sisi."

Toka siku hiyo hesabu yangu ya Nyiragongo ni lita tano kwa mtu mmoja anayelala juu usiku mmoja. Tatu za kupanda, mbili za kupikia na kushukia. Lita tano ni kilo tano, na ndiyo maana mpagazi hayumo kwenye orodha yangu kama anasa. Mweke kwenye bajeti tangu mwanzo, mlipe vizuri, na hakikisha naye ana maji na koti lake. Nimeona vijana wakipandisha mizigo ya watu kwa kandambili na fulana moja, kisha wakilala juu kwenye upepo ule. Ukimchukua mtu akubebee mzigo, usiku wake pia ni juu yako.

Na chakula pia ni suala la maji. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Pale kileleni yanachemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa hiyo maharagwe unaweza kuyapikia usiku kucha na yasiive. Beba vitu vilivyokwishaiva: mayai, viazi, chapati, sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani), karanga. Na kama unachemsha maji ya kunywa juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu nzima, maana ile dakika moja ya nyumbani haitoshi. Sisi tuliokulia Goma tunaijua kipindupindu, hatuhitaji kukumbushwa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo mgeni hawezi kulisoma kwenye ramani, nalo ni mazuku. Neno ni la Kiswahili chetu cha Kivu, na leo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanalitumia vilevile. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mashimoni na mabondeni kama maji yasiyoonekana. Haina rangi wala harufu. Jua na upepo wa mchana huipunguza, lakini usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, inajaa. Mbuzi huingia shimoni kula majani mabichi wasitoke, na watoto wamekufa hivyohivyo. Ndiyo sababu katika eneo la Goma na kuelekea Sake silali bondeni hata kama bonde lina kinga nzuri ya upepo, na silazi mtu chini kabisa penye kishimo. Ukiona ndege au panya wamekufa mahali pa chini, usishuke kutazama. Na mtu akianguka shimoni mbele yako, usimrukie. Najua ni neno gumu. Waliowarukia ndugu zao wengi walibaki nao.

Nayaandika haya nikijua kwamba kwa sasa simshauri mtu yeyote apange kupanda Nyiragongo. Mwaka 2018 Hifadhi ya Virunga, ambamo mlima huo umo, ilifungwa kwa wageni miezi mingi kwa sababu ya usalama, ikafunguliwa tena 2019. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wenyewe ulipasuka na lava ikashuka hadi pembezoni mwa mji. Januari 2025 vita vikaingia Goma. Kwa miaka mingi walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi ile wameuawa kazini. Mimi mlima ule naupenda kama mtu anavyompenda babu yake, lakini haimaanishi nitampeleka mtoto wa mwenzangu huko leo. Mtu akikuambia njia imefunguliwa, usiishie kwake. Piga simu kwa watu wawili watatu wanaoishi kwenye barabara hiyohiyo, kila mmoja kivyake, na uwaulize jana magari yalipita mpaka wapi. Kanuni hiyo naitumia kokote Kongo, hata kulikotulia.

Kahuzi sitasema sana. Nimekwenda mara mbili tu, nikitokea Bukavu, kupitia kituo cha Tshivanga. Urefu wake ni mita 3,308, haupishani sana na Nyiragongo, kwa hiyo niliondoka na bidoni zangu zote kama mwenye akili. Kumbe huko shida ni kinyume. Mianzi inadondosha maji, njia ni tope, kuna vinamasi vya kuvuka, na majani yanayowasha yanakupiga mikononi. Nilichokosa ni buti za mpira, soksi za akiba na fulana kavu iliyofungwa ndani ya nailoni. Nenda miezi ya sita hadi nane ukiweza, na hata hapo ujue utalowa.

Sasa Katanga. Hapa ndipo nilipokosea vibaya kuliko kote, kwa sababu nilidhani nimekwishajifunza.

Kwetu Goma, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mvua ina misimu miwili kwa mwaka, na Januari mara nyingi hupumua kidogo. Nikahamia Lubumbashi na kalenda hiyo kichwani. Januari ya kwanza nikawashawishi rafiki watatu twende Kundelungu tukaone maporomoko ya Lofoi, mto unaojirusha kutoka kwenye ukingo wa uwanda wa juu kwa zaidi ya mita 300. Mwenyeji yeyote angenikataza, lakini sikumuuliza mwenyeji. Lubumbashi iko mbali kusini, karibu nyuzi 12 chini ya Ikweta. Mvua yake ni moja tu, ndefu, inaanza mwishoni mwa mwaka na kwisha mwezi wa nne, na Januari ndiyo kitovu chake. Bonde la Lufira lilikuwa limekuwa ziwa. Jeep ilizama kwenye dambo, bonde la nyasi linalotuama maji, lenye udongo mweusi unaoshika gurudumu kama gundi, na tukalala ndani ya gari siku mbili tukisubiri watu wa kijiji waje na kamba na majembe. Maporomoko hatukuyaona. Chakula chetu kikaisha, na wale watu wakatulisha bukari (ugali) na vinkubala (viwavi), wakatuletea na munkoyo, kinywaji cha mahindi, bila kudai kitu.

Basi, kwa wa Lubumbashi, fumbo ndilo hili: maporomoko yanapendeza mvua ikiwa nyingi, na mvua ikiwa nyingi barabara haipitiki. Ukingoja barabara ikauke kabisa, mwezi wa tisa na wa kumi, unafika na kukuta uzi mwembamba wa maji. Dirisha liko katikati. Kwa maoni yangu ni kuanzia wiki ya pili ya Mei hadi katikati ya Juni. Ardhi imeshashika, mto bado una nguvu, na majani bado hayajaanza kuungua.

Maana kiangazi cha huku kina moto. Kuanzia Julai watu huchoma nyasi kwa ajili ya mashamba na uwindaji, na katika miombo, misitu ya huku yenye miti iliyoachana, nyasi zinaweza kukupita kimo. Asubuhi, kabla ya kuanza kutembea, uliza kijijini ni upande gani wamechoma na upande gani watachoma. Tembea ukijua wakati wote palipokwishaungua pako wapi, kwa sababu moto ukija na upepo pa kukimbilia ni hapo, kwenye majivu, ambako haupati cha kula. Usijaribu kuukimbia ukipanda mlima, utakushinda. Mwenzangu mmoja alipanda juu ya kichuguu kikubwa akidhani amejiokoa. Bahati yake upepo uligeuka.

Na baridi ipo. Wageni hucheka nikiwaambia wabebe blanketi zito Katanga, mpaka usiku wa Juni uwakute juu ya uwanda. Mchana jua linakuchoma, usiku vidole havifungi zipu ya hema. Giza pia linawahi: mwezi wa sita, saa kumi na moja na nusu jioni jua limeinama, kwa hiyo mimi saa tisa naanza kutafuta mahali pa kulala, pa juu kidogo, si kando ya maji hata kama pana majani laini.

Kuhusu karatasi, Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na Upemba tangu 1939. Zote zinasimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira, na ruhusa unaitafuta Lubumbashi kabla ya kuondoka. Beba kadi yako ya uchaguzi na nakala zake kadhaa kwa ajili ya vizuizi vya barabarani. Ukifika kijiji cha mwisho, usikipite. Shuka garini, salimia chifu, mweleze mnakwenda wapi na mtarudi siku gani, mpelekee sukari, chumvi au sabuni. Yeye ndiye anayejua chemchemi ipi imekauka mwaka huu, na mkichelewa kurudi, vijana wake ndio watakaowatafuta.

Nyumbani pia naacha karatasi: majina yetu, kijiji cha mwisho, namba ya dereva, siku ya kurudi. Mama yuko Goma bado, naye nampigia simu usiku wa kuamkia safari. Swali lake ni lilelile, kama bidoni zimejaa.

Mwaka huu safari ya Lofoi nimeiweka wiki ya tatu ya Mei, watu sita, magari mawili, wapagazi tutawapata kijijini. Dereva wetu ana shemeji kando ya Lufira, na kila Jumapili anamuuliza maji yameshuka mpaka wapi. Yakiwa bado juu ya daraja, tutasogeza hadi Juni.