Ile karata ya tano ya kopa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema katika poka ulishika kopa mbili, karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani zikaleta kopa nyingine mbili, ikabaki moja tu zitimie tano, mkono ambao ungeshinda mingi. Mezani palikuwa na hela 60 za kugombewa, mwenzako akaweka 60, nawe ukalipa 60 ili ubaki mchezoni. Kopa haikuja. Sasa wauliza: bahati mbaya, au ulikosea?

Kwa hayo uliyonieleza, naona ulikosea, na ungekuwa umekosea hata kama kopa ingekuja.

Twende polepole. Kopa ziko 13, nne umeziona, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Kwa hiyo karata inayofuata ina nafasi 9 kati ya 47 ya kuwa kopa, yaani kama asilimia 19. Sasa tazama bei: ulitakiwa kutoa 60 ili kugombea 120, mbili kwa moja. Bei hiyo inakutaka ushinde angalau mara moja katika kila tatu. Wewe ulikuwa na pungufu ya mara moja katika tano. Ukirudia malipo hayo mara 100 bila kupata chochote zaidi baadaye, utakuwa umepoteza zaidi ya 2,500.

Najua utanijibu kwamba umesikia nafasi ya kopa nne ni asilimia 35. Ni kweli, lakini hiyo ni kwa karata zote mbili zilizobaki, na wewe kwa zile 60 ulinunua moja tu. Kabla ya kuiona ya pili, mwenzako ana haki ya kukutoza tena. Hapa ndipo nami nilipoteza kwa miaka, nikihesabu karata mbili na kulipia moja, kisha nikilipia tena.

Ila kama zile 60 ndizo zilikuwa za mwisho alizonazo, jibu langu linageuka kabisa. Hapo hakuna wa kukutoza tena, karata zote mbili utaziona kwa bei ileile, na asilimia 35 inaizidi ile theluthi unayohitaji. Karata zilezile, dau lilelile, na safari hii ningekwambia lipa.

Kuna na hela zijazo. Kama bado ana nyingi mbele yake, na ni mtu asiyeweza kuachia karata zake hata kopa ya tatu ikitua mezani, unaweza kulipa leo ukitegemea kumtoa zaidi kesho. Katika mkono wako ungehitaji kumtoa kama 130 nyingine kila unapopata kopa, ndipo urudishe gharama. Wachezaji wengi wakiona kopa tatu mezani hunywea, kwa hiyo usijipe tumaini kubwa. Angeweka 20 badala ya 60, ungekuwa unalipa 20 kugombea 80, nne kwa moja, na hapo kidogo tu cha baadaye kingetosha. Ningelipa bila kusita.

Jambo moja hukuniambia: kopa zako zilikuwa zipi? Ukiwa na ree, zote 9 ni zako. Ukiwa na ndogo, kama tano na sita, huenda mwingine anasubiri kopa hiyohiyo akiwa na kubwa kuliko zako, na ikija ndiyo itakayokumaliza.

Niandikie hilo, na uniambie mwenzako alibakiwa na kiasi gani, tuuhesabu upya.

Mama yako