Kumwambia Mungu ukweli: jibu kwa dada aliyechoka kungoja

Dada yangu, umeuliza kama ni dhambi kumwambia Mungu kwamba umechoka kungoja, na kwamba siku nyingine unatilia shaka kama anakusikia. Nitakujibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe hapa Mombasa.

Mwaka 2019, makontena mengi yalipoanza kupelekwa moja kwa moja kutoka bandarini hadi Nairobi kwa reli, kazi ilipungua katika yadi niliyokuwa karani, na Januari iliyofuata nikaachishwa. Sikumwambia mke wangu. Kwa siku 11 nilivaa shati la kazi, nikavuka feri ya Likoni pamoja na watu waendao kazini, kisha nikaketi katika bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu, nikitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Jioni nilirudi nyumbani, na kabla ya chakula nilisali kwa sauti mbele ya watoto, nikimshukuru Mungu kwa kuibariki kazi ya mikono yangu. Sala ile ilikuwa na maneno mazuri yote niliyoyazoea kanisani, nayo ilikuwa uongo, tena uongo niliomwambia Mungu huku nimefumba macho.

Siku ya 11 nilichoka kusema maneno hayo. Nilimwambia kwamba nimemkasirikia, kwamba nilikuwa nimetoa zaka kwa uaminifu na sasa sina ada ya shule, na kwamba sijui tena kama ananiona. Nilipomaliza kunung'unika sikubakiwa na pa kujificha, nikasikia mdomo wangu ukitaja jambo la pili ambalo sikulikusudia: nimemdanganya mke wangu. Kulalamika kulikuwa kwepesi. Kuungama ndiko kulikonitoa jasho. Kwa hiyo, dada yangu, usidhani kwamba kumwambia Mungu ukweli ni kumwaga hasira peke yake, maana anayeanza kusema kweli juu ya Mungu hufika upesi mahali pa kusema kweli juu ya nafsi yake.

Ama kuhusu dhambi, fungua Zaburi ya 88. Mwandishi wake analalamika toka mwanzo, na tofauti na Zaburi nyingine nyingi za maombolezo, yake haifiki kwenye sifa, inaishia gizani. Lakini tazama anavyoanza: anamwita Mungu wa wokovu wake. Kwangu mimi imani ya mtu yule imo katika mwito huo, kwa sababu amekosa kila kitu isipokuwa Yule wa kumlalamikia, na bado anamwendea yeye. Naye mwanamke aitwaye Hana, katika 1 Samweli sura ya kwanza, aliomba kwa uchungu mwingi hata kuhani Eli akadhani amelewa, na Mungu alimsikia mwanamke huyo ambaye kuhani alikuwa amemkemea. (Kwa sababu hiyo, chagua kwa uangalifu watu wa kuomba mbele yao, si kila mwenzako katika ushirika atakuelewa.)

Jambo moja linanisumbua katika maombi yetu. Tunakimbilia kusema "mapenzi yako yatimizwe" kabla hatujaomba lolote, na nadhani mara nyingi si kwa kumtumaini Mungu, ila kwa kuogopa kunyimwa. Bwana Yesu kule Gethsemane aliomba kwanza kikombe kiondolewe, akalitaja ombi lake waziwazi, na ndipo akajikabidhi kwa Baba. Tena Mathayo anaandika kwamba aliomba mara 3 kwa maneno yale yale. Basi kurudia ombi si kukosa imani.

Jioni ile nilimweleza mke wangu kabla ya kuvua viatu. Alilia, kisha alikasirika kwa siku kadhaa, na alikuwa na haki. Kazi ya yadi haikurudi. Niliishi kwa vibarua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini sala ya mezani ilibadilika usiku ule ule. Nilisema tu, "Utupe leo riziki yetu," na kwa mara ya kwanza nililimaanisha neno "leo", kwa sababu unga uliokuwapo ulitosha ugali wa usiku huo tu.

Usiku wa leo isome Zaburi ya 13 kwa sauti, ina aya 6 tu, na pale Daudi anapouliza "hata lini", litaje jambo lako mwenyewe, bila kulipamba.