Kwa nini tusikamue klorofili ya majani tu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma kemia mwaka wa pili. Mhadhiri wetu ametugusia habari za watu wanaosanisi pigmenti za kunasa mwanga kwa kuiga usanisinuru. Mbona wanajisumbua? Majani yamejaa klorofili ya bure, si waikamue tu waitumie? – Mwenye Maswali

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa na umri wako niliwaza hivyohivyo.

Anza na jaribio dogo. Twanga majani mabichi, yaloweke kwenye spiriti mbali na moto, uchuje. Zima taa, kisha mulika ule ukijani kwa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Utawaka wekundu kama kaa. Sasa mulika jani zima: wekundu ni hafifu mno, pengine usiuone kabisa. Klorofili ni ileile. Kwenye jani nishati ina pa kwenda. Kwenye chupa imekwama, na sehemu yake inatoka tena ikiwa mwanga.

Mimi sikulielewa hilo mpaka liliponiumbua. Nilikuwa nimetengeneza porfirini ya zinki (porfirini ni molekuli ya pete, jamaa ya klorofili), zambarau ya kupendeza, nikaikoleza nikitarajia mng'ao uzidi. Ukafifia. Nikakoleza tena, ukazidi kufa, nami nikailaumu tochi! Kumbe molekuli zikisongamana ovyo hugandana, na nishati ikiangukia kwenye mgando huo huishia kuwa joto. Jani limesheheni klorofili kuliko chupa yangu, lakini halizimiki, maana protini imeishika kila molekuli mahali pake, kwa umbali wake na upande inakoelekea. Ukikamua unachukua rangi, mpangilio unauacha kwenye makapi.

Umbali huo hauna mzaha. Katika miaka ya 1940 mwanasayansi Mjerumani Theodor Förster alionyesha kwamba kasi ya nishati kuruka kutoka molekuli hadi molekuli hufuata kipeo cha sita cha umbali: zitenganishe mara mbili zaidi, kasi inapungua mara 64. Bakteria wa zambarau wanalijua somo hili. Muundo wa antena ya mmoja wao, yaani kifaa chake cha kunasa mwanga, ulichapishwa mwaka 1995: bakterioklorofili (klorofili ya bakteria) 27 katika pete mbili, 9 zinazofyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hivi na 18 za nanomita 850 hivi. Nishati hutiririka kutoka pete ya kwanza hadi ya pili kwa takriban pikosekunde moja (sehemu moja ya trilioni ya sekunde), kama maji yanavyofuata mteremko. Anayebuni pigmenti anautafuta mteremko huo, kila rangi ikiikabidhi nishati rangi iliyo chini yake.

Sasa, kwa nini bandia? Klorofili ni laini. Asidi kidogo tu inaing'oa magnesiamu ya katikati na ukijani unachujuka. Zinki hushika vizuri zaidi. Tena klorofili ni ya ukoo wa klorini, pete zinazokaribiana na porfirini (si ile ya kutibu maji, majina yamegongana tu), na klorini nyingi zikioksidishwa hurudi kuwa porfirini, hapo ufyonzaji mzuri wa mwanga mwekundu unapungua sana. Kikundi cha Jonathan Lindsey nchini Marekani kiliweka methili mbili (vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni) kwenye kaboni moja ya pete, njia ya kuoksidishwa ikazibwa. Kwangu huo ni werevu kuliko mashine yoyote ghali. Kisha kuna pengo la nanomita 500 hadi 600, ambako klorofili hufyonza kidogo. Kwenye pigmenti ya kusanisi unaweza kupachika rangi nyingine ya kuliziba.

Kuinakili klorofili yenyewe hatua kwa hatua kunawezekana, mkemia Mmarekani Robert Woodward alishafanya hivyo mwaka 1960, lakini hiyo ni safari ndefu mno kwa mtu anayetaka gramu za kutosha.

Ninachokipenda zaidi ni bakteria wa kijani wa salfa. Kwenye klorosomu zao, vifuko vya kunasa mwanga, pigmenti hujipanga zenyewe bila protini ya kuzishika: hidroksili (oksijeni na hidrojeni) ya moja hushika magnesiamu ya jirani, na safu inaendelea. Wakemia wamesanisi klorini za zinki zinazojipanga vivyo hivyo.

Ukipata ruhusa ya maabara, anza na pirole na benzaldehaidi zilizochemshwa kwenye asidi ya propioni, ndani ya kabati la hewa kwa sababu harufu yake inakera. Utapata fuwele za zambarau za porfirini. Ziyeyushe kidogo sana, upime mng'ao kabla ya kukoleza chochote.