Mkuu, hapo hupandi rubabu, unaizika

Weka jembe chini kwanza. Nimesoma kwenye swali lako hapa kwamba umechimba shimo la kina cha mkono mzima, umejaza samadi mbichi, na kesho unalaza shina la rubabu (rhubarb, ule mmea unaoliwa vikonyo vya majani) kule chini, unalifukia, kisha maji asubuhi na jioni. Nani kakudanganya?

Maelekezo hayo nayajua neno kwa neno, maana aliyeniuzia mimi alinipa hayo hayo: "Fukia vizuri lisipigwe na jua, na maji usipunguze." Alivyoongea ungedhani profesa! Kumbe mteja anayeozesha ndiye anayerudi kununua tena. Yalichungulia majani mawili, yakasinyaa huku udongo umelowa chapachapa. Nikaona ni kiu, nikaongeza maji. Cheka tu, vyura walineemeka. Nilipofukua, vichipukizi viling'oka bila kuvutwa, ndani kahawia, laini kama uji uliolala, na harufu ya kufukuza mbwa.

Rubabu inaozea kichwani, yaani juu ya shina, pale macho (vichipukizi vichanga) yanapochipulia. Maji yakituama hapo, vimelea vya udongoni vinaingia, na vikishaingia vinabaki kwenye udongo, kwa hiyo hata ukinunua nyingine usiipande palepale. Macho yatazame juu, yafunikwe na udongo wa sentimita 2 hadi 5 tu. Kama udongo wako ni mfinyanzi, yaache usawa wa ardhi, tena juu ya tuta lililoinuka. Kabla ya yote jaza hilo shimo maji. Kesho ukiyakuta bado yamo, hama. Samadi inaipenda sana, ni mlafi huyu, ila iwe imeoza, na uizungushe pembeni. Juu ya kichwa, hapana. HAPANA.

Kuvuna: mwaka wa kwanza usiguse kitu, wa pili chuma vikonyo vichache, wa tatu ndio ujinafasi. Majani tupa, yana asidi ya oksaliki, ni sumu.

Mimi nataka kuyaona hayo macho. Ukishaliweka shina, usifunike. Piga picha uibandike hapa tuikague. Na huyo aliyekuuzia muulize kama nyumbani kwake anayo hata moja iliyo hai.